Donge Ni Dume

Kongwa,
2 Aprili 1993
(Barua hii haikutumwa)

Baba,

Shikamoo.

Nina mimba ya miezi mitano. Nimeiandika sentensi hii mara nne, na hii ndiyo mara ya kwanza ambayo sikuichana karatasi.

Aliyenipa mimba alikuwa fundi wa pampu pale mradini. Mradi ulipofungwa alirudi kwao, na barua zangu mbili hakuzijibu. Nina miaka thelathini na minne, sina kazi, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa hapa, Bi. Sikudhani, na sina ninachokiogopa ila kitu kimoja. Unamkumbuka Ruthu wa darasa la saba? Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa barazani nikichambua mchele. Alisimama uani kwetu na mama yake, wakingoja umpe barua ya kufukuzwa shule. Uliisoma, ukaona kosa, ukarudi ndani kuiandika upya. Wakangoja juani mpaka ukamaliza. Mimi sitaki kusimama pale


Kongwa,
2 Aprili 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nawe u mzima.

Mradi wa mifugo umefungwa rasmi. Daktari wa mifugo, yule Mholanzi uliyemfundisha Kiswahili, ameondoka na kuniachia nyoka yake. Ni chatu mdogo wa kutoka Afrika Magharibi, alikofanya kazi kabla ya kuja huku. Hana sumu, na urefu wake ni mita moja na kidogo. Akiogopa hujikunja akaficha kichwa katikati, anakuwa kama mpira. Ndiyo maana tunamwita Donge.

Mwenye nyumba wangu hataki nyoka hii ndani kutokana na sababu ya woga. Naomba ukae nayo miezi miwili tu. Yupo Bwana Mbwana wa Arusha mwenye bustani ya nyoka, anao chatu watatu wa aina hii, wote wa kiume. Kama Donge ni wa kike, atamchukua mara moja. Kama ni wa kiume hamtaki, anasema watasumbuana. Shida ni kwamba hakuna anayejua. Daktari hakuwahi kumpima, alisema mambo ya ndani ya Donge ni ya Donge. Naomba unisaidie kujua.

Khamisi wa lori la mahindi atakuletea sanduku. Anakula panya mmoja kila baada ya siku kumi. Donge, si Khamisi.

Mwanao mtiifu,
Evelina


Makole, Dodoma,
13 Aprili 1993

Evelina,

Marahaba.

Nakurudishia barua yako ikiwa imesahihishwa, kama kawaida. Makosa ni matano, nami nitayataja makubwa. Nyoka ni kiumbe chenye uhai: ni "nyoka wake", "nyoka huyu", "ukae naye". "Kutokana na sababu ya" ni maneno manne yanayofanya kazi ya neno moja. Zaidi ya yote, mtu ndiye huwa wa kike au wa kiume. Mnyama huwa jike au dume. Nyoka hajawahi kuwa wa kike tangu Kiswahili kilipoanza kuandikwa, wala hataanzia nyumbani kwangu.

Sanduku limefika. Khamisi aliliweka kizingitini akasimama mbali, akasema, "Mzee, hii nyoka imenitazama toka Kongwa." Nikamwambia, "Sema, huyu nyoka amenitazama." Akasema, "Na wewe amekutazama? Basi mmeshajuana," akaondoa lori.

Sikuomba mgeni. Tangu mama yako afariki nimezoea nyumba isiyoniuliza kitu. Hata hivyo, kwa panya waliomo humu ndani, chakula chake kipo. Nimempa chungu cha mama yako kilichopasuka ukingo, ameingia humo na hajatoka.

Eleza anavyopimwa. Eleza pia kwa nini umehama nyumba.

Baba yako,
Ebenezer Ndahani


Kongwa,
26 Aprili 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeipokea barua yangu pamoja na wino wako mwekundu.

Nimehama kwa sababu nyumba za mradi tumetakiwa kuziacha. Ni hivyo tu.

Mgeuze chali taratibu. Karibu na mkia utaliona tundu la haja, na kila upande wa tundu pana kikucha kidogo kama mwiba. Daktari alisema ni masalio ya miguu. Dume huwa na vikucha virefu, na mkia wake huanza mnene. Wa jike hunywea ghafla. Lakini alisema pia kwamba dalili hizo hudanganya. Njia ya uhakika ni kijiti chembamba cha chuma kilichopakwa mafuta, kinaingizwa polepole tunduni kuelekea mkiani, kisha unahesabu kimezama magamba mangapi. Kwa dume huzama zaidi. Hilo usilifanye wewe. Asiyejua atamjeruhi.

Ningekuja mwenyewe, ila nimepata kibarua cha kushona sare za shule, na miguu imevimba siku hizi kwa kukaa.

Mwanao mtiifu,
Evelina


Makole,
9 Mei 1993

Evelina,

Marahaba. Makosa ni sifuri. Umejitahidi.

Nilimgeuza. Hakupenda. Alijikunja akawa donge kweli, nami nikakaa naye mapajani saa nzima nikingoja ajikunjue, mtu mzima wa miaka sitini na minane. Vikucha nimevipapasa kwa kidole, kwa kuwa chumba kile hakina mwanga wa kutosha. Cha kushoto ni kirefu. Cha kulia ni kifupi. Kwa hiyo kwa upande wa kushoto ni dume, na kwa upande wa kulia ni jike. Mkia wake huanza mnene kisha hunywea. Sijui niuamini mwanzo au mwisho.

Nimechoka, Evelina. Si kwa ajili ya nyoka. Maji yanatoka siku mbili kwa juma, na foleni ya bombani imejaa watu niliowafundisha, ambao wote husema "Pita mbele, Mwalimu," nami siwezi kupita mbele ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nikirudi, ndoo imeninyoosha mkono.

Miguu iliyovimba uiweke katika maji ya chumvi. Kushona hakuvimbishi miguu. Kongwa si ng'ambo. Lori la Khamisi huja kila Alhamisi. Kwa nini huji?

Baba yako,
Ebenezer Ndahani


Kongwa,
30 Mei 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Siwezi kuja sasa. Nitakuja, ila si sasa.

Mpeleke Donge kwa Fabian, yule mwanafunzi wako aliye msaidizi wa daktari wa mifugo hapo mjini. Anajua kutumia kijiti. Bwana Mbwana ameandika tena, anataka jibu.

Maji ya chumvi yamesaidia. Ahsante.

Evelina


Makole,
20 Juni 1993

Evelina,

Marahaba.

Nimekwenda kwa Fabian, Donge akiwa ndani ya kikapu cha sokoni, nimemfunika kitenge. Mama mmoja njiani aliniuliza kama nauza kuku. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi wa kwako amenyamaza sana."

Fabian amempima mbele ya macho yangu. Kijiti kilizama hadi gamba la nane. Donge ni dume.

Mwandikie Bwana Mbwana kwamba hana haja ya kuja.

Nimeona kwamba hukumaliza barua yako kwa "mwanao mtiifu". Sikuhesabu kuwa kosa, ila nimeona.

Baba yako,
Ebenezer Ndahani


Kongwa,
8 Julai 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Basi ni dume. Nimemwandikia Bwana Mbwana. Amejibu kwamba ana rafiki mwenye jike, huenda siku moja akamtoa, tukawa na jozi. Sijui.

Pole kwa mzigo. Najua nilisema miezi miwili. Naomba uvumilie kidogo tena. Kuna mambo nataka kukuambia, lakini nikiishika kalamu naona wino mwekundu kabla sijaandika neno. Silaumu. Naeleza tu.

Mwanao mtiifu,
Evelina


Makole,
25 Julai 1993

Evelina,

Marahaba.

Donge hali. Ni juma la sita. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, upepo unaingia kwa chini ya mlango na vumbi lake. Panya anawekewa, anamtazama, anarudi chunguni. Fabian anasema aina hii hufunga kula wakati wa baridi na nisiwe na wasiwasi. Sina wasiwasi. Hujaza tu chupa maji ya moto, nikaizungushia fulana na kuiweka kando ya chungu, asubuhi na jioni. Naye hutoka akajizungusha hapo, nami husoma gazeti kwa sauti, maana nikisoma kimya sentensi zinanipotea.

Umeandika kwamba kuna mambo. Yaandike. Makosa ya kalamu hayajamuua mtu.

Kama kuna jike atakayetolewa, nadhani jambo hilo lisiharakishwe.

Baba yako,
Ebenezer Ndahani


Kongwa,
24 Agosti 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo.

Nimekawia kuandika, sikuwa na nguvu. Umesema niandike, nami naandika.

Jumanne iliyopita, tarehe 17, nimempata wa kike. Ana kilo mbili na robo tatu. Ngozi yake bado inabanduka, lakini wanasema ni kawaida, itakuwa laini. Mchana kutwa analala amejikunja kama Donge, akiamka anakula, akishiba analala tena. Bi. Sikudhani amempenda mno, hataki kumweka chini.

Sijui kama utamkubali. Ningependa kumleta Makole akipata nguvu kidogo, kama utaturuhusu. Sijampa jina. Nilitaka ulitoe wewe.

Nisome vizuri, Baba. Siwezi kuliandika mara ya pili.

Mwanao,
Evelina


Makole,
31 Agosti 1993

Evelina,

Marahaba.

Nakurudishia barua yako. Kosa ni moja, nalo ni lile lile la Aprili. Nimelikata "wa kike" na kuandika juu yake "jike". Nilidhani tumelimaliza.

Sasa kuhusu jambo lenyewe. Sikupendezwa. Umempokea jike kutoka kwa rafiki wa Bwana Mbwana bila kuniuliza, nami niliandika waziwazi kwamba jambo hilo lisiharakishwe. Kilo mbili na robo tatu! Huyo ni mkubwa mara mbili ya Donge. Wala sielewi imekuwaje Bi. Sikudhani, aliyemkataa mmoja kwa woga, ampakate wa pili.

Usimlete huku. Nyumba yangu haina nafasi ya mwingine, nami sina nguvu za kulea wawili. Mrudishe alikotoka. Kuhusu jina, jike wa namna hiyo hahitaji jina.

Nimeandika kwa ukali kwa kuwa nimechoka.

Baba yako,
Ebenezer Ndahani


Kongwa,
9 Septemba 1993

Kwa Mwalimu Ndahani,

Asalaam aleikum.

Mimi ndio Sikudhani binti Swedi, mwenye nyumba anayokaa Evelina. Sijasoma sana, nimeishia darasa la nne, kwa hiyo toa hiyo kalamu yako nyekundu uiweke karibu, utaihitaji.

Barua yako imefika. Mwanao ameisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Siku ya tatu leo chakula hagusi. Maziwa yanamkauka. Nikaichukua nikaisoma, na sijutii.

Mwalimu, wewe umemwita mjukuu wako jike. Umekata kwa wino, umeandika juu yake. Mtoto wa binti yako wa kumzaa! Umesema arudishwe alikotoka. Arudishwe wapi, Mwalimu? Mimi ndio nimempokea kwa mikono hii miwili, sikuona pa kumrudishia.

Kwanza nikakutukana. Halafu nikakaa, nikazisoma barua zako zote, maana zote anazo kwenye sanduku la nguo, na zile zake ulizochora chora. Nikaona hapa mzee anasema nyoka. Kumbe hajui! Mwanzo mpaka mwisho hajui. Evelina nikimwambia hivyo anasema, "Anajua, Bibi. Baba huwa hakosei maneno." Haya, mimi nakuambia umekosea.

Na lingine. Mimi nyoka sikumkataa. Tumekaa naye humu wiki mbili, nilikuwa nampita nikimwambia hodi. Ni yeye mwenyewe alimtoa, tumbo lilipoanza kuonekana, akasema hataki mtoto azaliwe karibu na chatu. Woga alinisingizia mimi kwa sababu kukuandikia ukweli alishindwa.

Mtoto ni mzima. Ana paji la uso pana. Evelina anasema ni lako.

Jibu upesi. Khamisi anakusubiri mlangoni, nimemwambia asiondoke bila barua.

Sikudhani


Makole,
9 Septemba 1993

Evelina,

Khamisi amekaa kwenye kiti cha barazani na amekataa chai. Amenipa barua ya Bi. Sikudhani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Nimeisoma kwa kioo cha kukuzia. Kisha nikamwomba Khamisi anisomee tena, kwa kuwa sikuyaamini macho yangu, nayo kwa kweli hayastahili tena kuaminiwa. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu mwaka jana. Sikukuambia. Vikucha vya Donge nilivipapasa kwa sababu sikuviona.

Hukukosea. Uliandika "wa kike" kwa kuwa alikuwa mtu. Sentensi yako ilikuwa sahihi, nami niliisahihisha. Katika miaka thelathini na saba ya kufundisha sijapata kufanya kosa kubwa kuliko hilo, na nililifanya kwa mwandiko mzuri.

Kosa lenyewe lilianzia kwangu. Donge si dume. Fabian alipompima tarehe 18 Juni alisema, "Mwalimu, jike huyu. Kijiti kimekwama gamba la tatu." Nikamwambia nitaandika la nane. Akanitazama akasema, "Mwaka sabini na moja ulinichapa fimbo nne kwa kusema uongo." Nikamwambia azihesabu kuwa nimerudishiwa. Nilijua kwamba nikiandika "jike", Bwana Mbwana atakuja na gari lake, na nyumba itarudi kuwa kimya. Nikaandika "dume". Ulipoandika kwamba umempata wa kike, nikadhani umemletea Donge mwenza, na kwamba uongo wangu utafichuka. Nilikemea kwa hofu ya aibu. Sikusoma. Nilikagua tu.

Kuna jambo jingine, nami sijui kwa nini linanijia leo. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilitia saini barua kumi na moja za kuwafukuza wasichana wenye mimba. Ndivyo sheria ilivyotutaka, nami sikuwahi kuuliza. Mmoja alikuwa Ruthu. Wewe ulikuwa barazani. Niliirudisha barua yake ndani kwa sababu mwandishi wa shule alikuwa ameandika "amepata ujauzito huo" mahali pasipohitaji "huo". Neno lile nalikumbuka mpaka leo. Uso wa yule mtoto siukumbuki.

Sikukuuliza habari za baba wa mtoto na sitakuuliza. Ukitaka kunieleza, nitasikiliza.

Khamisi anarudi Kongwa leo. Alhamisi ijayo atapita mlangoni kwa Bi. Sikudhani saa mbili asubuhi, na amekubali kuendesha polepole, amesema, "Kwa huyo nitaendesha kama nimebeba mayai, Mzee. Yule mwingine ndiye nilitaka kumfikisha haraka." Chumba cha mama yako kina jua la asubuhi. Donge nitampeleka stoo, ndani ya sanduku lenye komeo, na Fabian atakuja kesho kulikagua. Ukiona hata hivyo haifai kukaa naye nyumba moja, nitamwandikia Bwana Mbwana ukweli, naye atamchukua. Uamuzi ni wako, nami sitanuna. Juzi alikula, panya mzima, baada ya majuma kumi na mawili. Nilitaka kukuandikia habari hiyo nikakosa namna ya kuanza.

Nikipata wa kunishika mkono nitakwenda hospitali kuuliza habari za macho. Nataka kuliona paji hilo la uso.

Jina: mama yako aliitwa Evarista. Kama umeshampa jingine, hilo hilo litakuwa zuri.

Mpe Bi. Sikudhani shukrani zangu. Mwambie barua yake nimeisoma mara mbili na sikuona kosa hata moja.

Barua hii usiirudishe. Kama ina makosa, yaache yalipo. Njooni. Tutakuwa wanne humu ndani: mzee mmoja, wa kike wawili, na jike mmoja.

Baba yako,
Ebenezer